Bafle imenyamaza, ampuli haisikii: kutafuta mahali rezo inapokatika ndani ya nyumba

Katika miji ya mashariki kama Goma, Bukavu, Uvira, Bunia ao Butembo, vifaa vinavyofanya kazi kwa intaneti vimeingia polepole katika nyumba za watu. Kuna bafle inayofungua radio ya intaneti bila anteni, ampuli inayowashwa na kuzimwa kwa simu, prizi inayojikata yenyewe saa ya kulala, na kamera ndogo ya mlango. Vingi vinanunuliwa sokoni ao vinatumwa na ndugu walio ng'ambo. Kisha siku moja kifaa kinanyamaza. Mwenyewe anasema «imekufa», anaipeleka kwa fundi, analipa franga za kuangaliwa, na fundi akiiwasha kwake inafanya kazi vizuri. Kumbe kifaa kilikuwa kizima, shida ilikuwa rezo ya nyumbani.

Maelezo haya yanaonyesha namna sauti ao amri inavyosafiri mpaka kufika kwenye kifaa, mahali njia hiyo inapokatika mara nyingi, na utaratibu wa kutafuta penye shida kabla ya kutoa pesa.

Viungo vitano vya njia

Mtu akifungua radio kwenye bafle ya Wi-Fi, sauti inapita katika viungo vitano. Cha kwanza ni mashini ya mbali inayotuma sauti. Cha pili ni rezo ya kampuni ya simu ao ya mtoa intaneti. Cha tatu ni ruta ya nyumbani, ao simu inayogawa konekisho. Cha nne ni mawimbi ya Wi-Fi kutoka ruta mpaka kwenye bafle. Cha tano ni bafle yenyewe, pamoja na umeme wake. Kimoja kikikatika, sauti haifiki, na masikio hayawezi kujua ni kipi. Kwa hiyo kazi yote ya kutafuta shida ni kupima kiungo kimoja kimoja, bila kugusa vitu vitano kwa mara moja. Anayebadilisha kila kitu pamoja anaweza kubahatisha na kupona, lakini hatajua kilichomponya, na wiki ijayo ataanza upya.

Kipimo cha haraka ni kuuliza: ni kifaa kimoja tu kinachokataa, ao ni vyote? Kama simu iliyo kwenye Wi-Fi ileile inafungua radio ileile vizuri, basi viungo vitatu vya kwanza ni vizima, na shida iko kati ya ruta na kifaa. Kama simu nayo inazunguka tu bila kufungua, hakuna faida ya kuisumbua bafle.

Simu iliyo na data ya SIM inaweza kudanganya hapa. Wi-Fi ikiwa haina intaneti, simu nyingi zinaiacha kimyakimya na kupita kwenye data. Mwenyewe anaona intaneti inatembea, anafikiri ni Wi-Fi. Kwa hiyo data ya SIM izimwe kwanza wakati wa kupima.

Umeme unaokatika na kurudi

Sababu ya kawaida kuliko zote katika mitaa yetu ni delestaji. Umeme unakatika, kila kitu kinazimika. Watoto wakipiga kelele «kuran imerudi!», vifaa vyote vinaamka kwa mara moja. Lakini haviamki kwa mwendo mmoja. Ampuli ao bafle ndogo inaamka kwa sekunde chache. Ruta inahitaji dakika 1 mpaka 3 kabla ya kutoa Wi-Fi na kupata intaneti. Kifaa kidogo kinatafuta Wi-Fi, hakiioni, na vingine vinachoka kutafuta na kubaki hivyo mpaka vizimwe tena.

Dawa ni kufuata mpango: kuzima vyote, kuwasha ruta peke yake, kungoja dakika 3, kuhakikisha simu inapata intaneti, ndipo kuwasha bafle, ampuli na kamera kimoja baada ya kingine.

Umeme ukikatika muda mrefu, vifaa visivyo na batri ya saa vinapoteza tarehe. Kamera nyingine inarudi mwaka 1970, nyingine mwaka 2000. Hilo si jambo la kuchekesha tu. Mazungumzo ya siri kati ya kifaa na mashini ya mbali yanategemea cheti chenye tarehe ya mwanzo na ya mwisho. Kifaa kikifikiri kuwa tuko mwaka 1970, kinaona cheti bado hakijaanza kutumika, na kinakataa kuongea. Kikipata intaneti kwa dakika chache chenyewe hurekebisha saa. Kama hakijafanya hivyo, tarehe inawekwa kwa mkono ndani ya aplikasio.

Ruta nyingi za nyumbani zinakula umeme wa volti 12 na ampea 1, maana yake wati 12 kwa juu kabisa. Batri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Kwa hesabu ya karatasi inabeba ruta hiyo saa 7. Lakini batri ya risasi haifai kuishiwa kabisa, basi ni vizuri kuhesabu nusu ya muda huo. Wenye pano ya jua wawe waangalifu: batri ya volti 12 ikiwa inapokea jua inaweza kupita volti 14, kwa hiyo katikati inafaa kuwekwa regilateri inayotoa volti 12 zisizobadilika. Vile vile, ruta ya volti 9 ikipewa chaja ya volti 12 inaweza kuungua. Volti na alama za chanya na hasi zilizoandikwa chini ya ruta zisomwe kwanza, kwa sababu tundu la chaja linaweza kulingana huku umeme haulingani.

Simu ya papa ndiyo ruta

Katika nyumba nyingi hakuna ruta. Simu ya mmoja wa wazazi ndiyo inayogawa konekisho. Asubuhi papa anatoka na simu yake, na intaneti ya nyumba inatoka pamoja naye. Bafle inanyamaza, kamera inafunga jicho, na mama anayebaki anaambiwa kwamba ameharibu mashini. Hakuna aliyeharibu kitu.

Simu ina mipaka mingine pia. Nyingi zinazima ugawaji zenyewe kama hakuna kifaa kilichounganishwa kwa dakika kadhaa, ili kulinda batri. Nyingi hazipokei vifaa vingi kwa wakati mmoja. Simu ikipewa jina lenye herufi za kifaransa zenye alama ao lenye kituo cha juu, vifaa vingine vidogo vinakwama kulisoma. Jina fupi, bila nafasi wala alama, linaondoa shida hiyo.

Nyumba ikipata ruta yake, ile ndogo yenye nafasi ya SIM kadi, kuna njia ya kuepuka kazi ya kuunganisha upya kila ampuli: ruta mpya ipewe jina lilelile na neno la siri lilelile lililokuwa kwenye simu, pamoja na aina ileile ya ulinzi. Vifaa vitaiona kama rafiki wa zamani na kuingia vyenyewe. Ugawaji wa simu uzimwe, ili majina mawili yanayofanana yasigombanie vifaa.

2,4 na 5: namba zinazowapoteza wengi

Wi-Fi ya nyumbani inatumia hasa bendi mbili: gigahezi 2,4 na gigahezi 5. Ya 5 inakimbia zaidi lakini inachoka mapema, na ukuta unaizuia kirahisi. Ya 2,4 inaenda polepole lakini inafika mbali zaidi. Ampuli, prizi na kamera nyingi za bei ndogo zinajua 2,4 peke yake. Ruta ama simu ikiwa imewekwa kwenye 5, ampuli haiwezi kuiona hata ikiwekwa sentimita 10 karibu nayo. Hii ndiyo sababu ya kawaida ya kusikia «simu inaona Wi-Fi, ampuli haioni».

Katika mpangilio wa ugawaji wa simu kuna mahali pa kuchagua bendi. Pawekwe 2,4. Kwa ruta yenye bendi mbili chini ya jina moja, inasaidia kuzima 5 kwa muda wa kuunganisha kifaa, kisha kuirudisha.

Ulinzi nao unaweza kufunga mlango. Ruta za karibuni zinatumia WPA3, na vifaa vya zamani vinajua WPA2 tu. Ikiwekwa hali inayokubali zote mbili, shida inaisha. Kuondoa neno la siri kabisa si dawa.

Wakati wa kuunganisha ampuli kwa mara ya kwanza, mara nyingi yenyewe inatoa Wi-Fi ndogo ya muda, na simu inapaswa kuingia humo. Wi-Fi hiyo haina intaneti, kwa hiyo simu inauliza kama ibaki ao iondoke. Jibu ni kubaki. Na kwenye simu za Android, aplikasio isiporuhusiwa kujua mahali simu ilipo, mara nyingi haiwezi kutafuta Wi-Fi zilizo karibu, na itasema haioni kifaa chochote.

Ukuta wa mawe, manjanja na majirani

Mawimbi ya Wi-Fi yanapita kwenye ukuta wa mbao bila taabu kubwa. Yanapungua kwenye matofali, na zaidi kwenye ukuta mnene wa mawe ya volkano kama zilivyo nyumba nyingi za Goma. Mbele ya chuma yanarudi nyuma: manjanja ya kibanda, mlango wa chuma, friji, tangi la maji. Bafle iliyo nyuma ya friji inaweza kukosa rezo huku ile ya chumba cha mbali zaidi inaipata.

Ruta inafaa kukaa katikati ya nyumba, juu, mahali pa wazi. Kuificha ndani ya kabati ili watoto wasiiguse ni kuifunga mdomo. Kabla ya kutoboa ukuta, kifaa kiletwe mita 2 karibu na ruta. Kikifanya kazi hapo, shida ni mahali. Kikikataa hata hapo, shida ni mpangilio.

Mitaa yenye parseli zilizobanana ina shida nyingine. Bendi ya 2,4 ina njia ndogo ndani yake, na tatu tu ndizo haziingiliani: 1, 6 na 11. Majirani wote wakiwa kwenye 6, ni kama watu kumi wanaoongea kwa pamoja katika chumba kimoja. Mchana inatembea, jioni wote wakirudi inakatakata. Kubadilisha njia kwenye ruta ni kazi ya dakika 2 na hakuna cha kulipa.

Mahali inapowezekana, kablo inashinda Wi-Fi. Kablo ya rezo ina nyaya 8 ndani na inaweza kwenda mpaka mita 100. Taa ndogo kwenye tundu isipowaka, kablo imekatika, kichwa kimebanwa vibaya, ao panya wameila.

Anwani: kila kifaa na namba yake

Ruta inampa kila mgeni namba, mara nyingi inayoanza na 192.168. Simu ao kompyuta ikionyesha namba inayoanza na 169.254, maana yake iliomba namba na haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Kuzima na kuwasha ruta mara nyingi kunatosha.

Vifaa viwili vikishika namba moja, vinafukuzana: bafle inaingia, kamera inatoka. Hii inatokea pale mtu alipoandika namba kwa mkono. Inarudishwa kwenye hali ya kujipangia yenyewe.

Ruta nyingi zina pia Wi-Fi ya wageni. Kifaa kilichoingia humo kinapata intaneti lakini hakiruhusiwi kuona vifaa vingine vya nyumba. Bafle ikiwa kwa wageni na simu ikiwa kwenye Wi-Fi ya kawaida, hazitaonana kamwe.

Bluetooth si Wi-Fi

Bafle nyingi za sokoni ni za Bluetooth tu. Hizo hazina intaneti hata kidogo. Zinapokea sauti kutoka simu iliyo karibu, kwa kawaida ndani ya mita 10. Bafle ya namna hii inakumbuka simu ya mwisho iliyoungana nayo. Kama ni simu ya mtoto wa jirani, ikiwashwa inamfuata yule, na mwenyewe anabaki kungoja. Dawa ni kufuta jina la bafle ndani ya simu zote, kushikilia butoni ya Bluetooth mpaka taa iwake na kuzima haraka, kisha kuunganisha simu moja tu.

Bluetooth nayo inatumia 2,4. Bafle ikiwekwa juu ya ruta sauti inaweza kukatakata. Kuziachanisha mita 1 ao 2 kunasaidia.

Sauti inayokatakata na mega zinazokwisha

Radio ya intaneti inayotuma kilobiti 64 kwa sekunde inakula mega 28,8 kwa saa. Ile ya kilobiti 128 inakula mega 57,6. Anayesikiliza saa 5 kila siku kwa kilobiti 64 anamaliza mega 144 kwa siku, zaidi kidogo ya giga 4,3 kwa siku 30. Kamera inayotuma megabiti 1 kwa sekunde bila kupumzika inakula giga 10,8 kwa siku moja. Kamera hiyo ikisahauliwa kwenye forfe ya simu, inaila usiku mmoja, na asubuhi bafle ndiyo inalaumiwa.

Kamera iwekwe irekodi kwenye kadi yake ya kumbukumbu, itume picha pale tu kitu kinapotembea. Kwa radio, kama kuna njia mbili, ya kilobiti 64 ao chini inatosha kwa habari na mazungumzo.

Milio isiyotoka kwenye rezo

Bafle ikitoa «trrr-trrr-trrr» sekunde chache kabla simu haijalia, si virusi. Ni mawimbi ya simu, hasa ya rezo ya 2G, yanayoingia kwenye waya za ampli. Ndiyo sababu katika studio za radio simu hazikai karibu na mikro. Simu ikisogezwa mita 1, mlio unaisha.

Mlio mzito wa «mmmm» usiokoma unatoka kwenye umeme wenyewe, unaotetemeka mara 50 kwa sekunde. Mara nyingi unaanza kompyuta iliyo kwenye chaja ikiunganishwa na ampli. Chaja ikitolewa na mlio ukikoma, shida imejulikana: kompyuta na ampli viwekwe kwenye ralonji moja. Waya wa ardhi usikatwe kwa sababu ya mlio huo, unalinda maisha.

Kamera na neno la siri la kiwandani

Mwaka 2016 programu mbaya iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi sana duniani kwa njia rahisi: ilijaribu maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenyewe hawakuyabadilisha. Katika majimbo ambako usalama unayumba, kamera inayoonyesha nani anaingia nyumbani na saa ngapi isionekane na mtu asiyejulikana. Neno la siri libadilishwe siku ya kwanza. Kifaa kilichonunuliwa kikiwa kimetumika kirudishwe kwanza katika hali ya kiwandani, kwa kushikilia butoni ndogo sekunde 10 hivi, ili mwenyewe wa zamani asiendelee kuona.

Mpango wa kufuata kwa mkono

1. Kuangalia umeme: taa ya kifaa na ya ruta zinawaka?
2. Kuzima data ya SIM, kisha kupima intaneti kwa simu kupitia Wi-Fi.
3. Kuhakikisha forfe haijaisha.
4. Kuzima vyote, kuwasha ruta, kungoja dakika 3, kisha vifaa.
5. Kuleta kifaa mita 2 karibu na ruta.
6. Kuhakikisha bendi ni 2,4 na simu iko kwenye Wi-Fi moja na kifaa.
7. Kubadilisha njia: 1, 6 ao 11.
8. Kujaribu kifaa kwa jirani ao kwa simu nyingine inayogawa konekisho.
9. Kurudisha kifaa katika hali ya kiwandani, kama hatua ya mwisho tu, kwa sababu inafuta kila kitu.

Kifaa kikikataa pia kwa jirani, ndipo fundi anaitwa. Akiambiwa ni hatua gani zimefanywa, na yeye hataanza tena kwa kuuza chaja mpya.

Kuna jambo moja ambalo hatua hizi zote haziwezi kurekebisha: siku rezo ya mji mzima inapokatika. Siku hiyo bafle ya intaneti, hata ya bei kubwa, haisemi neno. Radio ndogo ya FM yenye mawe mawili inaendelea, kwa sababu haiombi mega wala neno la siri. Inahitaji tu mtambo wa kituo uwe hewani. Simu nyingine nazo zina FM ndani yake, zikiwekwa ekuteri ya waya inayofanya kazi ya anteni. Katika eneo ambalo habari ya usiku inaweza kuamua kama familia inalala nyumbani ao inahama, kifaa hicho kidogo kisitupwe, na mawe yake yapimwe kila mwezi.